Andikeni Siku ya Makabidhiano

Wajukuu zangu wa Nabuyonga, hapa Mbale, pamoja na wenzenu wa Jinja,

Nimewasikia mkibishana juu ya reli. Mmoja anasema mwekezaji aliyekodishwa reli yetu alionewa, akapokonywa alichokijenga. Mwingine anasema mwekezaji yule alikuwa mnyonyaji tu na asilipwe hata senti tano. Wa tatu, yule anayesoma sheria, akasema Bunge liunde kamati, liwaite wote, ukweli utajulikana. Sauti zilikuwa juu, lakini hakuna aliyetaja mkataba wenyewe, mwaka wake wala masharti yake. Mimi nimekula mshahara wa reli, na sipendi kuona wajukuu wangu wakishabikia madai ya mabilioni kama wanavyoshabikia mpira. Madai hayo, yakikubaliwa, yatalipwa kwa kodi yenu. Yakikataliwa kwa dhuluma, jina litakalochafuka ni la nchi yenu. Ndiyo maana nawaandikia.

Tuanze na mali yenyewe. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Jinja ilipata reli yake ya kwanza mwaka 1912, ile ya Busoga iliyokwenda Namasagali kukutana na meli za Ziwa Kyoga, na pamba ndiyo iliyokuwa shehena yake kubwa. Njia kuu iliyopita Nakuru, Eldoret na Tororo ikafika Jinja mwaka 1928. Daraja la reli juu ya Nile likafunguliwa mwaka 1931, na Kampala ikaunganishwa mwaka huo huo. Tawi letu, la kutoka Tororo kupitia Mbale mpaka Soroti, lilifunguliwa mwaka 1929, na katika miaka ya 1960 likasogezwa Lira, Gulu na mwisho Pakwach. Kahawa ya Bugisu iliteremka mlimani ikapakiwa mabehewani hapa Mbale. Shaba ya Kilembe ilisafiri kutoka Kasese kuja kuyeyushwa Jinja. Mali hiyo ilikuwapo kabla ya mwekezaji yeyote wa karne hii kuja na hundi yake, nanyi mnapaswa kulijua hilo kabla hamjafungua kinywa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika moja la reli likawa mashirika matatu. Kila nchi ilishika vichwa vya treni na mabehewa yaliyokutwa kwenye ardhi yake, na kila nchi ikasema imepunjwa. Msuluhishi aliletwa kutoka Uswisi, Victor Umbricht, akahesabu mali na madeni ya Jumuiya nzima: reli, bandari, ndege, posta, majengo. Mkataba wa mgawo ulitiwa saini Arusha mwaka 1984. Miaka 7 ilipita watu wakihesabu. Mwishowe ilikubaliwa Kenya ipate asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26, na kwa kuwa Uganda ilikuwa imeshika mali pungufu ya fungu lake, wenzetu wawili wakatakiwa kutulipa dola milioni 191. Nawakumbusha haya kwa sababu vijana wengi hudhani madai ya reli ni jambo la wageni dhidi ya Waafrika. Dai kubwa la kwanza la reli tulidaiana sisi kwa sisi, ndugu wa nyumba moja, na lililotutoa pale halikuwa hotuba. Mtu alikaa chini akahesabu.

Sasa nije kwenye mkataba mnaobishania. Mwaka 2006 serikali za Kenya na Uganda zilikodisha reli zao kwa pamoja kwa kampuni ya Rift Valley Railways, RVR, ibebe mizigo kwa miaka 25. Aliyeongoza ubia mwanzoni alikuwa Sheltam ya Afrika Kusini. Mambo hayakwenda vizuri, na mwaka 2010 umiliki ukapangwa upya: Citadel Capital ya Misri, ambayo baadaye ilijiita Qalaa Holdings, ikashika asilimia 51, TransCentury ya Kenya asilimia 34, na Bomi Holdings ya hapa kwetu asilimia 15. Mwaka 2011 wakopeshaji wa kimataifa, ikiwemo IFC ya kundi la Benki ya Dunia, wakaahidi mkopo wa dola milioni 164. Kampuni ilipaswa kulipa ada ya asilimia 11.1 ya mapato ghafi ya mizigo, itunze njia, na ifikie viwango vya shehena vilivyokubaliwa. Mwaka 2014 TransCentury iliuza hisa zake ikaondoka. Mwaka 2017 Kenya ikavunja mkataba na Mahakama Kuu ya Nairobi ikaruhusu mali irudi kwa Kenya Railways. Sisi tukafuata, na mwanzoni mwa 2018 Shirika la Reli la Uganda likawa linaendesha treni zake tena.

Serikali zote mbili zilisema ada haikulipwa inavyopaswa na malengo hayakufikiwa. Hilo limesemwa sana, sina haja ya kuliongezea chumvi. Lakini mtu mwadilifu husikiliza na upande wa pili. Mwaka 2013 ni RVR hiyo hiyo iliyorudisha treni ya mizigo kwenye njia ya Tororo mpaka Gulu, baada ya miaka kama 20 ya nyasi na vichaka kuifunika. Nilisimama hapa Mbale nikaisikia honi, na wapo wazee waliotokwa machozi. Kampuni ilileta vichwa 20 vya General Electric vilivyokarabatiwa kutoka Marekani. Tena Januari 2008, katika vurugu zilizofuata uchaguzi wa Kenya, reli iling'olewa pale Kibera na shehena ya Uganda ikakwama. Nyinyi mlikuwa wadogo, lakini wazazi wenu wanakumbuka jinsi mafuta yalivyoadimika Mbale na bei ilivyopaa. Hasara ya siku zile abebe nani? Kampuni iliyokodishwa reli, au serikali iliyopaswa kuilinda? Swali hilo halijibiwi kwa kumchukia Mmisri wala kwa kumpenda. Jibu lake liko kwenye kifungu cha mkataba kinachohusu majanga yaliyo nje ya uwezo wa pande zote mbili.

Hapa nataka mnielewe vizuri. Katika mkataba wa namna ile, ardhi, njia na madaraja hubaki mali ya umma. Mwekezaji hupewa atumie na atunze kwa muda. Ni kama ng'ombe ambaye mzee wa Bugisu humkabidhi jirani amtunzie. Jirani anakunywa maziwa, na ndama mmoja pengine ni wake kwa makubaliano, lakini ng'ombe ana mwenyewe. Siku mwenyewe akimchukua, jirani hawezi kudai ng'ombe. Anaweza kudai gharama ya dawa aliyonunua, zizi alilojenga, na ndama wake kama alizaliwa. Na mwenyewe naye anaweza kuuliza: mbona nilikupa ng'ombe mnene unanirudishia mifupa? Wazee wanaoamua kesi hizo huuliza kwanza nani alishuhudia siku ng'ombe alipotolewa zizini, alikuwa na hali gani, na mmekubaliana nini. Mzee asiyeuliza hayo, akaanza na nani anamheshimu zaidi, hapaswi kukaa kwenye baraza.

Mwekezaji aliyefukuzwa, basi, anaweza kuja na madai ya aina mbalimbali, na kijana mwenye akili atayatenga. Kuna fedha aliyotia kwenye mali isiyohamishika, kwa mfano madaraja aliyoimarisha na reli alizobadilisha, fedha ambayo haikuwahi kumrudia. Hilo ni dai la kusikilizwa, risiti zikiwepo. Kuna mitambo aliyoileta mwenyewe, ikabaki karakana ya Nalukolongo au kwingineko, na inatumiwa mpaka leo. Hilo nalo lisikilizwe. Halafu kuna faida ya miaka iliyobaki, ile ambayo angeipata kama mkataba ungeendelea. Hapo kuweni macho sana. Kampuni iliyokuwa ikipata hasara kila mwaka haiwezi kusimama mbele ya wabunge ikasema miaka iliyobaki ingekuwa ya neema, bila kuonyesha neema hiyo ingetoka wapi. Na mwisho kuna deni la mabenki, ambalo mara nyingi hupakwa rangi ili lionekane ni deni la nchi. Mkopo aliokopa mwekezaji ni wa mwekezaji, isipokuwa pale serikali ilipoweka saini ya dhamana. Ulizeni saini hiyo iko wapi.

Niwaonyeshe sasa kazi moja ya reli ambayo haisifiwi na mtu, nayo ndiyo iliyonifundisha ninayowaambia. Baada ya 1977 behewa la Kenya likiingia Uganda lilikuwa mgeni, na la kwetu likivuka kwenda Mombasa lilikuwa mgeni kule. Pale Malaba karani wa upande huu na karani wa upande ule walitembea pamoja kando ya treni, behewa kwa behewa, taa mkononi ikiwa ni usiku. Namba inasomwa kwa sauti. Mlango upo? Komeo lipo? Turubai limechanika wapi? Viatu vya breki vimeisha? Lakiri ni nzima, na namba yake ni ngapi? Kila upungufu uliandikwa kwenye fomu, makarani wawili wakatia saini chini, kila mmoja akabaki na nakala yake ya kaboni. Behewa likirudi miezi kadhaa baadaye halina mlango, fomu ilifunguliwa. Kama uliandika kuwa mlango haukuwapo tangu mwanzo, umepona. Kama mvua ilikuwa ikinyesha, ukaona uvivu kutembea mpaka mkia wa treni, ukatia saini ukiwa umesimama chini ya paa la stesheni, mlango ule ni wa kwako na shirika lako litaulipia.

Waswahili wamekwisha kusema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila serikali inapochukua kitu mikononi mwa mtu, iwe reli, benki, kiwanda au soko, inapaswa kutembea kando ya treni namna ile, na mwenye kitu atembee nayo. Ikichukua kwa vishindo, kwa kamera na askari, bila fomu, imejifunga yenyewe. Miaka 10 baadaye, mwekezaji akidai aliacha vichwa 15 vya treni, nani atasema vilikuwa 9?

Msidhani nawatisha. Mwaka 2018 Kamati ya Bunge inayosimamia tume, mamlaka na mashirika ya umma, COSASE, ikiongozwa na Abdu Katuntu, mbunge wa Bugweri huku kwetu mashariki, ilichunguza jinsi Benki Kuu ya Uganda ilivyozifunga na kuziuza benki 7. Ilianzia Teefe Trust iliyofungwa mwaka 1993 ikaja mpaka Crane Bank iliyochukuliwa Oktoba 2016 na kuuzwa Januari 2017. Wabunge waliuliza swali ambalo karani wa Malaba angeliuliza: orodha ya mali iliyokuwapo siku mlipoingia iko wapi? Kwa baadhi ya benki hizo orodha haikupatikana. Maofisa wakubwa, watu wa shahada na tai, walikaa mbele ya kamati wakikosa karatasi ambayo karani wa reli aliyesoma mpaka darasa la saba alikuwa haachi kuijaza. Ripoti ilipotolewa Februari 2019, mimi niliifuatilia kwa uchungu, kwa sababu niliona kosa halikutokea kwenye uchunguzi. Lilitokea miaka mingi nyuma, asubuhi ile milango ilipofungwa bila mtu kuhesabu.

Na nyinyi wa Jinja na Mbale mnaishi juu ya uchunguzi mwingine. Tembeeni barabara za katikati ya miji yetu, tazameni majengo yale ya zamani yenye majina ya Kihindi na mwaka wa kujengwa juu ya mlango. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia na mali zao zikachukuliwa. Bodi ya kuzitunza iliundwa, na sheria ya mwaka 1982 ikawafungulia njia wenye mali kurudi kudai. Karibu nusu karne baada ya kufukuzwa kwao, COSASE ilikuwa bado inaunda kamati ndogo, chini ya Ibrahim Kasozi, kuchunguza nani ana haki ya jengo gani. Moja ya maswali mazito lilikuwa hili: je, kuna watu waliokwisha kulipwa fidia, kisha wao au wanaodai kuwawakilisha wakaja kudai jengo lile lile? Tazameni urefu wa kivuli cha siku moja ya uonevu. Serikali ilichukua bila haki na bila utaratibu, na kila aliyekuja baadaye, mwema kwa mwovu, akapata mwanya wa kuingiza mkono.

Kuna na lile la masoko ya Kampala. Mfanyabiashara alidai fidia baada ya mikataba yake ya kuendesha masoko kuvunjwa, na fidia iliyokubaliwa ikapita shilingi bilioni 142. Kamati ya Hesabu za Serikali ya Bunge ilipochimba namna hesabu ile ilivyofikiwa, nchi ilitikisika. Februari 2012 mawaziri wawili walijiuzulu: Syda Bbumba, aliyekuwa Waziri wa Fedha wakati wa malipo, na Khiddu Makubuya, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu. Wajukuu zangu, hatari ya madai ya wawekezaji iko pande mbili. Serikali inaweza kumdhulumu mwekezaji, na wakubwa wa serikali wanaweza kumlipa mwekezaji kupita haki yake. Hili la pili halina kelele, kwa kuwa anayelipwa amefurahi na anayelipa halipi kwa fedha yake. Kamati ya Bunge isipokuwapo, hakuna wa kusema.

Mtaniuliza, na mahakama za nje je? Mbona tunaogopeshwa nazo? Twendeni Dar es Salaam. Mwaka 2003 kampuni ya City Water, yenye wanahisa Waingereza wa Biwater na Wajerumani wa Gauff, ilipewa kuendesha maji ya jiji kwa miaka 10. Kazi ilikwenda vibaya. Mei 2005 waziri akatangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba mkataba umevunjwa, na tarehe 1 Juni maofisa wakaingia kwenye majengo, wakachukua uendeshaji, na mameneja wa kigeni wakaondolewa nchini. Wanahisa hao wa kigeni wakaenda kwenye baraza la usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, ICSID. Mwaka 2008 wasuluhishi waliamua kwamba Tanzania ilikosea kwa namna ilivyochukua, ikakiuka mkataba wa kulinda wawekezaji, lakini fidia ilikuwa sifuri, kwa sababu kampuni yenyewe ilikuwa imekwisha kukosa thamani kwa mikono yake na wadai hawakuonyesha hasara iliyosababishwa na serikali. Someni uamuzi ule mara mbili. Tanzania ilipona kwa sababu hesabu za kampuni zilikuwa mbovu. Siku mwekezaji mwenye hesabu nzuri akichukuliwa kwa namna ile, nchi italipa mpaka itoke jasho.

Nchi moja ya Ulaya ililipa hivyo, na kwa ajili ya reli ya pwani yetu hii ya mashariki. Mwaka 1883 Ureno ilimpa Mmarekani Edward McMurdo kibali cha kujenga reli kutoka Lourenço Marques, Maputo ya leo, kwenda mpaka wa Transvaal. Reli ilijengwa, ikabaki kipande kifupi kufika mpakani. Ureno ikampa kampuni miezi 8 ya kukimaliza, miezi yenye mvua ndani yake, na muda ulipokwisha Juni 1889 ikafuta kibali na kuikamata reli. Uingereza na Marekani zikaingilia kati kwa niaba ya raia wao, shauri likapelekwa kwa majaji wa Uswisi, na uamuzi ukatoka mwaka 1900: Ureno ilipe faranga za Uswisi 15,314,000 pamoja na riba ya tangu siku ile ya 1889. Wadai walikuwa wameomba zaidi ya hapo kwa mbali, na walilalamika. Lakini Ureno ililipa riba ya miaka karibu 11 kwa sababu ya haraka ya miezi 8. Muda wa kurekebisha makosa ukitolewa kwa mwekezaji, uwe muda ambao binadamu anaweza kufanya kazi ndani yake. Serikali ikitoa muda wa kumtega, imejitega.

Kwa hiyo, wewe utakayekuwa karani wa kamati, na wewe utakayekuwa mbunge, na wewe mwandishi wa redio hapa Mbale, shikeni haya. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 90, inaipa kamati ya Bunge nguvu kama za Mahakama Kuu za kuita mashahidi na kudai nyaraka. Nguvu hiyo hupotezwa na mbunge anayetumia saa nzima kumzomea shahidi ili aonekane kwenye televisheni. Karani mzuri humwandalia mwenyekiti wake nyaraka tatu kabla ya yote: mkataba kamili na viambatisho vyake, orodha ya mali ya siku mwekezaji alipoingia, na orodha ya siku alipotoka. Zikikosekana, kamati iseme wazi nani alipaswa kuzitunza na mwaka gani. Barua za onyo nazo ziletwe, ionekane ziliandikwa lini na zilijibiwaje. Wakaguzi huru wapige hesabu upya. Ibara ya 26 ya Katiba inataka mali ya mtu isichukuliwe bila fidia ya haki. Mwekezaji naye ni mtu mbele ya sheria hiyo, hata kama lafudhi yake ni ya Cairo au Johannesburg.

Wewe mwandishi, usitangaze tarakimu ya dai kana kwamba ni hukumu. Dai si deni. Nimesikia matangazo yanayosema "serikali yadaiwa mabilioni", na wiki mbili baadaye mtaa mzima wa Nabuyonga unasema serikali imeshindwa kesi ambayo haijaanza kusikilizwa. Sema nani anadai, anadai kwa msingi gani, na upande wa pili umejibu nini.

Kisha kuna madai yasiyokuwa na wakili, na moyo wangu uko huko. Reli inapobadilisha mikono, mwekezaji ana wanasheria London, benki zina wanasheria, serikali ina Mwanasheria Mkuu. Fundi aliyepunguzwa kazi siku ya kukabidhi, aliyehamishwa kwenye vitabu vya mwajiri mmoja kwenda kwa mwingine na michango yake ya uzeeni ikapotea njiani, ana nani? Nchini Tanzania wazee waliofanya kazi kwenye mashirika ya Jumuiya waliendelea kudai mafao yao mpaka karne hii, wengine wakiwa wamekwisha kufa na wajane wakidai kwa niaba yao. Hapa Mbale kuna mama aliyekodi kipande cha ardhi ya reli njia ilipokuwa imelala, akapanda mboga, akalipa mtu fulani kila mwezi, na siku reli inafufuliwa anaambiwa ni mvamizi. Risiti zake amezifunga kwenye kitambaa. Nimeziona. Zina mhuri. Mhuri huo ni wa halali au wa kughushi mimi siwezi kuamua, lakini kamati inayoweza kumsikiliza mwekezaji siku nzima inaweza kumsikiliza na yeye kwa saa moja. Ukiwa karani, liandike jina lake kwenye ratiba ya mashahidi. Usingoje uambiwe.

Nawasihi mfanye haraka, kwa kuwa mikataba mipya imekwisha kuanza. Njia yetu ya Tororo kwenda Gulu inafufuliwa. Njia ya Malaba mpaka Kampala nayo imekuwa ikikarabatiwa. Na ile reli mpya ya kisasa: mkataba wa kwanza, wa mwaka 2015 na kampuni ya Kichina ya CHEC, ulivunjwa mwaka 2023 bila ujenzi kuanza, na Oktoba 2024 serikali ikatia saini na Yapı Merkezi ya Uturuki kujenga kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala kwa euro bilioni 2.7. Vijana wa Tororo, Mbale, Iganga na Jinja wataajiriwa humo kama wapimaji, watunza bohari, makarani na mafundi. Atakayekabidhiwa jembe, ahesabu majembe. Atakayepokea kontena la vipuri, alifungue mbele ya anayekabidhi, asitie saini kwa kuamini karatasi iliyobandikwa mlangoni. Bosi akikuambia tia saini tutahesabu kesho, mwambie kwa adabu kwamba utatia saini kesho. Ukifukuzwa kwa sababu hiyo, njoo kwangu, chakula hakitakosekana.

Na msingoje ajira ndipo muanze kuuliza. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005 inamruhusu kila raia wa Uganda kuiomba ofisi ya umma nyaraka ilizo nazo, isipokuwa zile zinazogusa usalama wa taifa au siri za mtu binafsi. Kaeni pamoja Jumamosi, wa Mbale na wa Jinja, mwandike barua moja kwa Shirika la Reli la Uganda. Ombeni kuona orodha ya mali iliyopokelewa kutoka kwa RVR, na orodha ya mali inayokabidhiwa kwa makandarasi wa sasa. Iandikeni kwa lugha ya heshima, wekeni tarehe, tieni saini nyote, mbaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Kwa sheria hiyo, ofisi ina siku 21 za kuwajibu.